Wolai wamening'inia katikati ya maji, sona inawaonyesha, lakini hawali

Msomaji aliyekulia Kigoma na sasa anaishi Brooklyn Park, Minnesota, ameniandikia hivi: "Mwaka huu nimefunga sona mubashara (kifaa kinachoonyesha samaki papo hapo kwenye skrini) kwenye boti yangu. Mwezi wa saba nilikwenda ziwa Mille Lacs. Penye kina cha futi 32 niliona samaki wakubwa wamening'inia futi 15 hadi 20 kutoka juu. Wenyeji wanasema ni wolai (walleye, samaki wa maji baridi anayewinda samaki wadogo). Natupa jigi (chambo cha bandia chenye ndoana na kichwa kizito), kwenye skrini naliona kabisa limefika kwa samaki, na yeye wala hatikisiki. Wengine wanalifuata kidogo kisha wanageuka. Wengine wanazama nikisogea tu. Binamu yangu anayevua ziwa Erie ananiambia nimetupa pesa. Je, tatizo ni mimi, ni mashine, au ni samaki?"

Ndugu yangu, mashine yako ni nzima na samaki hao wanakula kila siku. Ila barua yako ina matatizo matatu, na wewe unayatibu kama moja. Samaki asiyetikisika, samaki anayefuata akageuka, na samaki anayezama: kila mmoja anakupa taarifa yake. Faida kubwa ya sona mubashara ni kwamba inakuonyesha samaki anavyoamua, papo hapo. Wengi wanaitumia kama tochi ya kutafutia tu, na wakishamwona samaki wanaacha kuangalia anafanya nini.

Tuanze na kwa nini wako pale. Wolai anasifika kwa kukaa karibu na tope, na ndivyo alivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini wewe umekulia Kigoma, unamjua mgebuka: hashughuliki na chini ya Tanganyika iko wapi, anafuata dagaa, na dagaa wakipanda usiku naye anapanda. Wolai wa kiangazi anafanya vivyo hivyo. Chakula chake Mille Lacs ni perchi wa njano pamoja na tulibi wachanga, na tulibi ni samaki wa maji ya wazi ambao makundi yao huzurura juu ya bonde la ziwa. Mwezi wa sita hadi mwanzoni mwa wa saba kuna karamu nyingine. Kwenye yale matuta ya tope ya katikati ya ziwa, vibuu vya wadudu walioishi matopeni hupanda juu kwa wingi ili waote mabawa, na wolai huwaokota njiani. Ukikuta skrini imejaa vumbi linalopanda kutoka chini, na samaki wametulia ndani yake, jua umewakuta mezani. Hao ni wagumu kuwashawishi. Si lazima uwaache, ila usijilaumu.

Mille Lacs ni ziwa pana, takriban kilomita za mraba 534, lakini si la kina: penye kina kirefu kabisa ni kama futi 42. Upepo unalikoroga. Kwenye maziwa yenye kina zaidi na yaliyojificha upepo, kiangazi hujenga mpaka kati ya maji ya joto juu na ya baridi chini, na mara nyingi maji ya chini ya mpaka huo huishiwa oksijeni. Hapo wolai hujipanga juu yake tu, na ukishakijua kina kimoja umekijua cha ziwa zima. Mille Lacs usitegemee hivyo. Samaki mmoja anaweza kuwa futi 10 kutoka juu na mwenzake futi 28, wametengana kwa mrusho mmoja wa fimbo. Maji nayo yamekuwa maangavu tangu kome wadogo wa milia walipoingia. Waligunduliwa humo mwaka 2005, nao wanachuja maji usiku na mchana. Samaki anakuona kutoka mbali kuliko alivyowaona wavuvi wa zamani.

Sasa huyu asiyetikisika. Yawezekana kabisa hakuliona jigi lako.

Sona mubashara hurusha mwale mpana kwenda chini lakini mwembamba ubavuni. LiveScope ya Garmin, iliyofungua njia mwaka 2018, ina mwale wa nyuzi 135 kutoka juu hadi chini na nyuzi 20 tu kwa upana. ActiveTarget ya Lowrance iliyofuata 2020 na MEGA Live ya Humminbird ya 2021 zinafuata msingi huohuo. Picha unayoiona ina vipimo viwili: umbali kutoka kwenye boti, na kina. Kushoto na kulia vimekunjwa pamoja. Piga hesabu: umbali wa futi 50, nyuzi 20 zinakuwa upana wa zaidi ya futi 17. Samaki akiwa ukingo mmoja wa mwale na jigi ukingo wa pili, skrini inavichora vimegusana, kumbe kati yao kuna nafasi ya kulaza magari mawili ubavu kwa ubavu. Wewe unashangaa samaki amekataa, yeye hajui hata kama umetupa.

Dawa ni kumweka samaki katikati ya mwale kabla hujarusha. Geuza mti wa sona (nguzo inayobeba kihisi chake) kidogo kidogo kushoto, kisha kulia, uangalie alama yake inang'aa zaidi wapi. Pale inapong'aa zaidi ndipo mti umemlenga. Kwenye mpini wa mti weka mshale au utepe unaoonekana, kisha rusha kwa kufuata mshale, macho yako yakiwa ziwani na si kwenye skrini. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, uzi unapinda na jigi linatua pembeni, kwa hiyo lenga upande wa upepo. Jigi likionekana muda mfupi kisha likafifia wakati linazama, limetoka nje ya mwale; livute, urushe tena. Kama jigi linang'aa vizuri, samaki anang'aa vizuri, na bado hatikisiki, hapo ndipo unaruhusiwa kusema amekataa.

Ndiyo maana napendelea sona ifungwe kwenye mti wake peke yake, si kwenye mota ya umeme ya omo. Mota inapopambana na upepo ili kushikilia boti, inageuka huku na huku, na mwale unageuka nayo. Utakuwa unampoteza samaki kila ukimpata.

Huyu anayezama unaposogea hana ugomvi na chambo chako. Anakukimbia wewe. Wavuvi wengi hudhani samaki anasikia sona. Mawimbi hayo yako juu sana kupita sauti anazoweza kusikia wolai. Anachosikia ni mota inayobadilishwa kasi ghafla, kifuniko cha sanduku kinachodondoka, buti kwenye sakafu ya alumini. Mwendo uwe wa mtu anayetembea bila haraka, na ukishamwona samaki punguza kasi taratibu badala ya kuzima kwa kishindo. Simama futi 50 hadi 70 kutoka kwake. Najua unashawishika kusogea kwa sababu picha ya karibu ni nzuri zaidi, lakini futi 25 juu ya maji maangavu, jua likiwaka, ni karibu mno. Siku ya mawimbi madogo yanayovunja mwanga unaweza kusogea zaidi. Siku ya maji kama kioo, rudi nyuma.

Anaweza pia kuzama kwa sababu umemwangushia jigi kichwani. Rusha limpite, futi 10 hadi 15 nyuma yake, kisha liingie eneo lake kama kitu kinachopita na shughuli zake. Kama anaogelea, rusha mbele ya anakokwenda. Akija upande wako au akienda mbali utaona umbali ukibadilika. Akififia huku umbali ukibaki uleule, anakwenda ubavuni. Geuza mti uone anang'aa tena upande gani, na sasa umejua mwelekeo wake.

Tumefika kwa yule anayefuata na kugeuka, na hapa ndipo pana utamu wa uvuvi huu, kwa sababu samaki huyu tayari amependa.

Jambo la kwanza ni kina cha jigi. Wolai ana jicho kubwa lenye utando wa nyuma unaorudisha mwanga, ndio unaolifanya ling'ae ukimmulika usiku, na linaona vizuri sana penye giza. Limekaa juu kichwani. Kitu kilicho juu yake anakiona kikiwa kivuli dhidi ya mwanga wa anga, na yuko tayari kupanda futi kadhaa kukifuata. Kilicho chini yake mara nyingi hakishughulikii. Wewe unasema unalifikisha jigi kwa samaki mwenyewe. Maana yake nusu ya mara limeshamzamia. Lisimamishe futi 3 au 4 juu yake. Kwa samaki aliye futi 18, jigi lisipite futi 15. Jifunze jigi lako linazama kwa kasi gani: rusha mahali pasipo na samaki, hesabu kimoyomoyo huku ukilitazama kwenye skrini, ujue kwa hesabu ya ngapi limefika futi 10, futi 15, futi 20. Baadaye mkono utakuwa unajua wenyewe. Kumbuka kuuacha uzi utoke wakati jigi linazama, la sivyo litabembea kuja upande wako na kumwacha samaki kule.

Jambo la pili ni unachofanya akianza kukufuata. Mkono wa binadamu unataka kusimama ili "asipoteze". Samaki mdogo anayefuatwa na wolai hasimami kumsubiri. Samaki wako akipanda kulielekea jigi, liendelee kupanda polepole, nusu futi nusu futi, limkimbie kidogo. Akiongeza kasi, usibadilishe chochote, zungusha rili kwa mwendo uleule hadi alama mbili ziwe moja. Akipunguza kasi, litikise mara moja au mbili kwa ncha ya fimbo, halafu liendelee. Akisimama na kulitazama, una sekunde chache tu: lishtue juu futi moja au mbili kwa nguvu, kisha liache lianguke. Usiliangushe likamzamia, kwa sababu hapo ndipo wengi wao hugeuka. Naona kwa wateja wangu kwamba kosa hili moja, kulishusha jigi mbele ya samaki aliyekuwa anapanda, linaharibu nafasi nyingi kuliko rangi zote mbaya za chambo zikijumlishwa.

Kuhusu chambo chenyewe, nisikuchoshe. Kuna aina mbili ninazozitegemea. Ya kwanza ni jigi la robo aunsi (gramu 7) lenye mwili wa plastiki laini wa inchi 3 au 4, wenye umbo la samaki mwembamba. Hilo linaogeleshwa polepole. Ya pili ni kile kisamaki kizito cha chuma au plastiki ngumu chenye bawa mkiani, kama Jigging Rap ya Rapala, ambacho ukikishtua kinateleza ubavuni kama samaki aliyejeruhiwa. Maji ya Julai yakiwa na joto, hiki cha pili kinaweza kumchokoza hata samaki aliyeshiba. Vuli maji yakipoa, rudi kwenye plastiki laini na mwendo wa pole. Kama upepo unakupotezea jigi, panda hadi aunsi tatu kwa nane. Uzi uwe wa kusuka wa paundi 10, na futi 3 za mwisho ziwe florokaboni ya paundi 8 au 10. Rangi iwe nyeupe au ya fedha penye tulibi, na usipoteze muda zaidi ya hapo.

Halafu usimng'ang'anie samaki mmoja. Mpe mirusho mitatu iliyo safi. Kama hakuinuka hata mara moja, mwache. Kama aliinuka akageuka, badilisha kitu kimoja, kasi au aina ya chambo, mrushie mara mbili nyingine, kisha endelea na safari. Ziwani kuna samaki walio tayari na wasio tayari saa hiyohiyo, na umahiri wa uvuvi huu ni kumpata aliye tayari. Mtu anayebishana nusu saa na samaki mmoja kwa sababu tu anamwona, sona imemfanya mvuvi mbaya zaidi ya alivyokuwa.

Utajuaje kama ni wolai kweli? Huwezi kuwa na hakika kila mara, lakini tabia inasema. Tulibi wanakwenda kwa makundi, alama zao zinametameta na hazitulii. Paiki, samaki mwindaji mwenye mwili mrefu, ni alama ndefu, akisogea anasogea kwa mstari ulionyooka kama kijiti, na akija juu ya jigi anakuja kwa fujo. Wolai ni alama nene, mara nyingi yuko peke yake au wametawanyika wawili watatu, anasogea kivivu, na anapolifuata jigi huja kutoka chini kwa mwinuko wa taratibu. Tafuta kundi la chakula kwanza, kisha chunguza pembezoni na chini ya kundi hilo. Alama moja nene futi 5 chini ya wingu la samaki wadogo ina thamani kuliko alama kumi zilizotapakaa pasipo na chakula.

Mipangilio ya skrini ni ya haraka. Umbali wa mbele uweke futi 70 au 80. Kina kizidi kidogo kina halisi cha ziwa, futi 36 hadi 40 kwa pale ulipokuwa. Panda unyeti hadi vumbi lianze kutanda kwenye maji matupu, halafu shuka kidogo, ila jigi lako lisipotee. Vichujio vya kelele viwe chini kabisa, kwa sababu vinafuta jigi kabla ya kufuta kelele. Na sona iwe na betri yake, isishiriki na mota.

Jambo la mwisho kuhusu Mille Lacs nalisema kwa uzito. Kinachorudisha mwangwi mkali kwenye skrini yako ni kibofu cha hewa cha samaki. Kibofu cha wolai hakina mrija wa kuelekea kooni, kwa hiyo hawezi kuitoa hewa haraka anapovutwa juu. Futi 33 chini, mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu. Ukimleta kutoka huko, hewa ile inataka kuchukua nafasi mara mbili. Utamwona ametoa tumbo mdomoni au anaelea ubavu. Hata akiogelea kwenda zake, si hakika ataishi. Kwa hiyo hao wa futi 15 hadi 20 wako mahali pazuri. Walio chini ya futi 30 waache, isipokuwa kama sheria inakuruhusu kubaki nao na unakusudia kuwala. Joto la maji nalo linaua. Maji yakizidi nyuzi 21 za Selsiasi, mpigane muda mfupi, mtoe ndoana akiwa ndani ya wavu majini, picha iwe ya sekunde chache.

Hili si suala la huruma peke yake. Kiasi cha wolai kinachoweza kuvuliwa Mille Lacs hugawanywa kati ya jimbo la Minnesota na makabila ya Waojibwe, ambao haki yao ya kuvua inatokana na mkataba wa 1837 na ilithibitishwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1999. Samaki wanaokadiriwa kufa baada ya kuachiliwa huhesabiwa ndani ya mgao wa jimbo. Kuna miaka uvuvi wa wolai ulifungwa kwa wiki kadhaa mwezi Julai kwa sababu hiyo. Masharti ya ukubwa na idadi hubadilika, wakati mwingine katikati ya msimu, kwa hiyo soma tangazo la idara ya maliasili ya jimbo kabla ya kila safari, usitegemee uliyosikia bandarini.

Na binamu yako? Kwa ziwa lake, maneno yake yana msingi. Kiangazi wolai wengi wa Erie huondoka bonde la magharibi kwenda katikati na mashariki ya ziwa, na hutapakaa maili na maili juu ya maji ya futi 60 na zaidi. Pale, kuvuta nyambo nyingi nyuma ya boti inayotembea, zikitandazwa kwa vibao vya pembeni, kunafunika maji mengi kuliko kumrushia samaki mmoja mmoja. Ningekuwa naye ningefanya hivyo mimi pia. Lakini Minnesota mvuvi kwenye maji ya wazi anaruhusiwa mshipi mmoja tu, na samaki wako wako futi 15 hadi 20, mahali pa kurushiwa. Pesa yako haijapotea.

Safari ijayo nenda saa mbili kabla ya jua kuzama, siku yenye upepo mdogo. Saa ya kwanza usihangaike kupata samaki: fanya mazoezi ya kumweka katikati ya mwale na kulisimamisha jigi futi 3 juu yake, uone wangapi wanainuka. Kisha niandikie joto la maji, kina walichokuwa, na walichofanya jigi lilipopita juu yao.